Taa ya Pasi Kubwa

Viziwi wa kiwanda cha kufulia nguo walimpa mhamasishaji mmoja maarufu jina la Kola kabla hajatia mguu pale. Walikuwa wamemwona kwenye simu zao. Kila alipokaribia kusema jambo zito alishika ncha za kola yake kwa vidole viwili, akazivuta, akameza mate, ndipo akalitoa. Basi na wao wakawa wanavuta kola, hata wale waliovaa fulana zisizo na kola, na jina likakaa. Wenye masikio walimwita Mwalimu wa Ushindi. Viziwi hawakuona sababu ya kuchosha vidole kiasi hicho kwa mtu mmoja.

Uongozi wa kiwanda ulimwalika aje kuwanoa wafanyakazi, na kwa kuwa viziwi walikuwa sita, ukamwajiri mkalimani kwa siku hiyo. Mkalimani mwenyewe hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa kiume, mdogo wa mmoja wa viziwi hao, mwanamke mpiga pasi aliyekuwa dada yake mkubwa kwa baba na mama. Lugha ya alama aliijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, maana dada ndiye aliyemlea mgongoni, na mtoto hujifunza lugha ya anayemlisha. Baadaye alisomea, akapata cheti, na kichwa kikamvimba kidogo. Kazi yake aliionea wivu kama mke. Ukimwambia atie chumvi hata punje moja katika maneno ya mtu, mlikosana.

Asubuhi ya siku hiyo walikunywa chai pamoja jikoni kwa dada, na wakabishana. Mkalimani alikuwa shabiki wa Kola, tena shabiki wa kutupwa.

"Mimi yule mtu ameniokoa," alisema kwa mikono, kikombe kikipoa. "Nilikuwa nalala mpaka jua liingie dirishani. Nani aliniambia niamke, nisome, niache kulia kwamba sina bahati? Si yeye?"

Dada alimaliza kutafuna kwanza. Hakuwa mtu wa kuongea huku mikono imeshika mkate.

"Wewe ulikuwa mvivu," alijibu. "Ulihitaji mtu wa kukupigia kelele. Mimi nilikupigia miaka yote, ila kelele zangu hazina sauti."

"Dada, acha utani."

"Sitanii. Kwako alifaa, nashukuru. Hata kwangu kuna alipofaa. Alisema mtu asilale na hasira ya mchana, nikajaribu, nikalala. Lakini leo nina swali langu, na utalisema wewe."

"Swali gani?"

"Utaliona likitoka. Nikikupa sasa utaanza kulipiga pasi, na mpiga pasi hapa ni mimi."

Alikuwa na sababu, na mkalimani aliijua. Katika chumba cha mashine kulikuwa na pasi kubwa ya mvuke, yenye kifuniko kirefu kama mlango. Mtu alitandaza shuka juu yake, akabonyeza kitufe, mashine ikalia, kisha kifuniko kikashuka chenyewe. Ule mlio ndio uliomwambia mtu atoe mikono. Viziwi waliwekwa kwenye pasi hiyo kwa sababu, alivyosema msimamizi, wao hawapotezi muda kwa umbea. Siku moja shuka lilijikunja, binti mmoja akanyoosha mkono kulikunjua, mashine ikalia kwa faida ya kuta, na kifuniko kikashuka.

Binti huyo wenzake walimwita Shavu, kwa kishimo kilichojitokeza akicheka. Kidonda kilipona, lakini vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia viligandamana. Kwa mtu anayesikia, hiyo ingekuwa hasara ya mkono. Kwa Shavu ilikuwa pia hasara ya ulimi. Maneno yake yalitoka nusu nusu tangu siku hiyo, na wenzake walilazimika kumkodolea macho na kumwomba arudie, yeye ambaye ndiye aliyekuwa mchekeshaji wao.

Tangu hapo dada alidai taa. Taa moja nyekundu juu ya mashine, iwake wakati mlio unapolia. Fundi umeme wa kiwanda alikwisha sema ni kazi ya asubuhi moja. Lakini msimamizi alikuwa amemaliza kitabu cha Kola, na alimjibu dada kwa kumwandikia kwenye kipande cha boksi: "Mshindi haombi mazingira yabadilike. Mshindi hubadilika yeye." Alipoombwa mara nyingine hakuandika tena. Alivuta tu kola ya shati lake, akacheka, akaenda zake.

Shughuli ilifanyika kwenye ukumbi wa chakula. Meza ya mgeni ilifunikwa kitambaa cheupe cha hoteli fulani, kilicholetwa kufuliwa na bado hakijarudi kwao. Kabla ya kuanza, msimamizi alimvuta mkalimani pembeni, karibu na mapipa ya sabuni.

"Kijana, kutakuwa na maswali mawili mwishoni. La kwanza la dereva wetu. La pili nasikia dada yako ana hamu. Sasa wewe ni mtu mwelewa. Akianza mambo yake ya mashine, wewe sema anashukuru kwa semina."

"Atakuwa anashukuru?"

"Nani atajua?"

"Mimi."

Msimamizi alimpiga bega kwa urafiki wa uongo. "Tuna semina nyingi mwaka huu, kijana. Tunaweza kukuita zote. Tunaweza pia tusikuite."

Mkalimani alijibu kwamba amesikia. Akapanda jukwaani, akasimama upande wa Kola, akaanza kazi.

Na haki isemwe: Kola alikuwa hodari. Mkalimani, aliyekuwa akimwona kwa karibu mara ya kwanza, alihisi mikono yake inaruka yenyewe. Mtu yule alizungumza juu ya mama yake aliyeuza maji, juu ya aibu ya kuvaa viatu vya mtu mwingine, na watu wazima wakajifuta macho. Alisema usimngoje mtu aje kukupa ruhusa ya kuishi. Alisema woga ni mgeni anayekula bila kualikwa. Hata Shavu alitikisa kichwa kukubali. Kisha mgeni akashika kola, akameza mate.

"Anayeomba," alisema, "anajipunguza. Usiombe! Usilalamike! Dunia haina deni na wewe. Tatizo haliko nje, liko hapa," akajigonga kifua.

Mkalimani aliyatafsiri yote, hata kugonga kifua. Alimwona dada yake anakaa wima.

Swali la dereva halikuwa swali. Alimsifu mgeni mpaka mgeni mwenyewe akatazama viatu vyake. Kisha dada akasimama, akakunja mikono ya gauni lake la kazi, na kuanza. Katika ukalimani, anayesema "mimi" ni yule mwenye maneno, si mwenye sauti. Kwa hiyo sauti nene ya kijana ilitoka kwenye spika ikisema:

"Mimi ni mwanamke mpiga pasi."

Ukumbi uliangua kicheko. Dada alingoja kiishe, kwa kuwa aliona mabega yanatikisika. Akaendelea, na kijana akaendelea naye.

"Nimekufuatilia muda mrefu. Mengine nimeyachukua, yamenifaa. Umesema tuamke na tusilale na hasira, ni kweli. Lakini umesema tatizo haliko nje, liko kifuani. Tatizo langu liko nje. Lina kifuniko cha chuma, na linawaka moto. Linalia kabla ya kushuka, na mimi sisikii. Sasa unaposema nibadilike, nibadilike nini? Nijifunze kusikia?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akagundua yuko peke yake.

Msimamizi alikuwa amekuja mpaka chini ya jukwaa. "Anashukuru," alinong'ona, meno yamebana. "Sema anashukuru, basi, inatosha!"

Mkalimani alimtupia jicho. Aliwaza semina zote za mwaka huo, moja moja. Akamtazama na Kola, mtu aliyemtoa kitandani, akaona aibu ya kumkosea adabu mbele ya watu. Halafu akatazama mikono ya dada yake, ambayo ilikuwa imesimama hewani ikimngoja, kwa imani kamili, kama mtu anavyongoja kivuli chake mwenyewe. Akajua hawezi kuidanganya. Akasogeza kipaza sauti karibu zaidi.

"Niliomba taa moja," sauti yake ilisema, na sasa haikuwa na adabu wala jeuri, ilikuwa ya dada. "Msimamizi alinijibu kwa maneno yako. Huyu hapa mwenzangu aliungua, na jibu ni lile lile. Kila nikigonga mlango naletewa wewe. Ndiyo maana leo nimemfuata mwenye maneno. Uliyasema ukimfikiria nani? Mimi, au mtu mwenye mashine?"

Kola alishika kola yake, kisha akaiachia bila kuivuta. Kwa kitambo kidogo alionekana mtu tu, mwana wa muuza maji, na mkalimani akamwombea moyoni aseme "Sikulifikiria hilo." Maneno hayo tu yangetosha.

"Dada yangu," Kola alisema hatimaye, kwa upole, "mimi si fundi wa mashine. Mimi ni fundi wa mioyo. Na moyo wako nausikia, una uchungu. Tuuponye. Jamani, tumsaidie dada yetu! Wote, mkono wa kulia juu! Semeni: Sihitaji kitu chochote kutoka nje!"

Mikono ikapaa. "Sihitaji kitu chochote kutoka nje!" Mkalimani alitafsiri, kila neno, uso umemkauka. Kola aliona wale sita hawajainua, akawanyooshea kidole. "Na ninyi, wapendwa! Wewe binti, mkono juu!"

Alikuwa anamwelekeza Shavu. Shavu alitazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani, kisha akamtazama dada.

Dada alikaa. Akaweka mikono yake miwili magotini, akamkazia mhamasishaji macho kwa muda wa kutosha kabisa, halafu akayafumba. Shavu akafumba yake. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mmoja, mpaka mstari mzima ukawa umefungwa kama maduka siku ya msiba.

Kola aliendelea kidogo, mkalimani naye akaendelea kurusha mikono mbele ya kope zilizofungwa. Mwisho alijiona kichekesho, akaishusha.

"Mbona umeacha?" Kola aliuliza, akisahau kipaza sauti kiko wazi. "Wanasali?"

"Hapana, mwalimu," alijibu kijana. "Wameziba masikio."

Hakuna aliyewahi kumwona Mwalimu wa Ushindi akimaliza mapema. Siku hiyo alimaliza. Watu walimpigia makofi, ndiyo, lakini makofi ya watu wanaonyanyuka kwenye viti waondoke.

Zamu ya mchana ilipoanza, wale sita waliingia chumba cha mashine, na mkalimani akawafuata bila kuitwa. Mashuka ya hospitali yalikuwa yamerundikana mpaka kifuani. Dada hakufunga aproni. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akashusha swichi kubwa ya pasi ya mvuke. Mashine ikapumua, ikatulia. Msimamizi alikuja mbio.

"Mwambie awashe!"

Mkalimani alimwambia. Dada akajibu taratibu, kwa mikono mikubwa, kama anavyoongea na mtoto.

"Bosi, mgeni wako amesema nisiombe," kijana alitafsiri. "Nimepima ushauri wake, na hapo nimekubaliana naye. Kuomba kulinipunguza. Sasa siombi. Nakuarifu. Pasi hii haiwashwi na yeyote kati yetu sita mpaka iwe na taa."

"Mwambie atafukuzwa! Wote watafukuzwa!"

Alitafsiri hilo nalo, bila kulipunguza makali. Dada alipandisha mabega. Msimamizi akawageukia wenye masikio, waliokuwa wamesimama karibu na vikapu wakijifanya wanahesabu soksi.

"Mama! Wewe njoo, chukua pasi."

Mama huyo, mkunjaji wa mashuka na mzee kuliko wote pale, aliutazama mtambo kuanzia juu mpaka chini.

"Baba," alisema, "mimi nasikia, sikatai. Lakini feni hizi zikinguruma, na mashine za kukamua zikianza ngoma yake, hata jina langu silisikii. Taa yao mimi pia naitaka."

"Kwa hiyo na wewe umegoma?"

"Nimekunja mashuka yangu. Ya kupigwa pasi hayajaja." Akavuta kikapu kilichopinduliwa, akakikalia.

Msimamizi alitoka akitukana, simu sikioni. Haikujulikana anampigia mkurugenzi, mlinzi, au fundi umeme. Dada alimgeukia mdogo wake, ambaye jasho lilikuwa limemlowesha shati la semina.

"Wewe nenda nyumbani. Kazi yako imekwisha."

"Akirudi na wakubwa zake, nani atawatafsiria matusi yao?"

"Matusi tunayaelewa," alisema dada. "Ni majibu yetu ndiyo wao hawayaelewi."

Kijana alivua tai, akaitia mfukoni, akasimama upande wake wa kulia, mahali ambapo mikono yake ingeonekana na watu wote wawili: dada yake, na yeyote atakayeingia kwa ule mlango.