Wino Ndani ya Spiriti

Miaka mitatu nilizunguka mito kumi na mmoja kuhesabu samaki adimu, maji kiunoni, wavu begani. Mkubwa wetu wa idara alibaki kwenye gari akisikiliza redio. Siku nilipompata yule samaki mwenye mkia mweusi, ambaye vitabu vilisema amekwisha duniani, nililia peke yangu mtoni. Nikamtia kwenye chupa ya spiriti, nikampelekea mkubwa mkononi. Mjinga mie.

Ripoti ilipotoka, eti aliyempata ni yeye! Jina langu lilikuwa mwisho kabisa, chini ya dereva. Nilipomuuliza, akanipigapiga begani.

"Binti yangu, wewe ni mbeba ndoo. Mbeba ndoo hagundui kitu."

Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, dada yangu hunikumbusha kila nikifura. Basi safari hii sikufura. Nilitaka jina langu, na nilitaka aumbuke.

Kesho yake nikamkuta maabara ameitoa lebo yangu ya penseli chupani, anaandika yake kwa kalamu ya wino aitumbukize humo. Hata aliyeanza kazi juzi anajua spiriti hula wino. Ningeweza kumwambia. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikaenda zangu kunywa chai.

Mwezi mzima nilisubiri kwa raha, sifichi. Siku ya mkutano wa kuhakiki ugunduzi huo, ukumbi umejaa, wakaguzi wakaomba chupa. Lebo ilikuwa nyeupe pe. Ripoti ilitaja mto tu, na mto ule urefu wake ni mwendo wa siku mbili. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akauliza samaki alipatikana sehemu gani, kina gani. Mkubwa akasema karibu na daraja, akajirudi, akasema bondeni. Akanikazia macho nimwokoe.

Nikasimama. "Mama, mfungue mdomo huyo samaki."

Sisi wa mtoni huweka lebo mbili, moja chupani, nyingine mdomoni mwa samaki, chupa isije ikavunjika. Mkaa garini angejulia wapi? Mama akachomoa kikaratasi kwa kibano, akasoma penseli yangu kwa sauti: kona ya tatu juu ya maporomoko, kina cha magoti, tarehe, na jina la aliyempata. Langu.

Akamgeukia mkubwa, akamuuliza yeye siku hiyo alikuwa wapi.

"Alikuwa garini," nikamjibia, "anasikiliza redio."