Tumbo la Tuile

Majani ya kuezekea paillote, kile kibanda kisicho na kuta, Madame Hélène hakuyataka. "Fundi, majani ni panya na moto," alisema. "Mugeni mumoja akitupa sigara, paillote imekwenda." Manjanja ya bati nayo hakuyataka. Saa sita jua linapika bati lile mpaka kichwa kinauma, na mvua ikinyesha, watu walioketi chini yake wanaanza kupigiana kelele kama viziwi. Madame alikuwa na villa mbili pale Bunia, anazipangisha kwa watu wa mashirika waliofika baada ya vita kutufundisha kupatana, na wageni wale walipenda kunywa chai yao nje, kivulini, huku wakitazama milima ya Rwampara.

"Ninataka tuile," alimwambia Gaspard, fundi wake wa paa. "Tuile ya kweli, kigae ya udongo, ya zamani. Si ile ya bati inatoka Uganda na kujifanya tuile. Utapata?"

Gaspard angeweza kusema hapana. Tanuru za Iga Barrière, walikochomea tuile, zilikuwa baridi tangu vita, nyasi zimeota mdomoni mwao. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa amekaa bila kazi tangu Pasaka, na mdomo ukatangulia kichwa.

"Nitapata, Madame."

Alijua zilipo. Zilikuwa nyuma ya choo chake mwenyewe, mtaa wa Bankoko, zimesimamishwa kwa ubavu, zimefunikwa hema la plastiki, na juu ya hema mke wake Mireille alikuwa ameacha maboga yatambae. Mireille aliuliza mara moja tu, mwaka wa kwanza: "Na hizi vitu ya muzee, utarudisha siku gani?" Gaspard akajibu, "Siku atapata nyumba." Mireille akaenda kupanda maboga.

Zilifika pale hivi. Muzee Théodore wa Iga ndiye aliyemfundisha Gaspard kazi. Théodore alifinyanga tuile na kuzichoma, Gaspard akazipandisha juu ya nyumba. Walifanya hivyo miaka mingi. Nyumba ya Théodore ilikuwa ya matofali mabichi kama za jirani zake, lakini juu ilivaa tuile zake mwenyewe, mille quatre cents, elfu moja na mia nne, na madereva waliosimama pale njia panda waliinyooshea kidole. Vita ilipofika, Théodore alimchukua mke wake na binti yake Ornella, wakafuata barabara ya msitu mpaka Epulu. Ufunguo akamwachia Gaspard. "Angalia nyumba," alisema. Ni hayo tu.

Gaspard aliangalia wiki mbili. Manjanja ya jirani yalikuwa yanaondoka kila asubuhi juu ya vichwa vya watu wenye bunduki, na ya watu wasio na bunduki pia. Akajiambia: hawa wakifika kwa tuile watazivunja tu. Afadhali nizishushe, nizifiche, muzee akirudi nimpe. Siku ile hakuwa mwongo. Alipata lori lililokuwa linarudi Bunia tupu, akashusha tuile moja moja kwa mkono, akazilaza juu ya majani ya ndizi kama mayai, akaenda nazo.

Lakini mtu wa paa anajua kwamba tofali bichi lisilofunikwa ni matope yanayongoja mvua. Ilikuwa lazima aweke majani juu ya kuta zile. Kazi ya siku mbili. Alisema nitarudi kesho. Kesho ilikuwa risasi. Kesho kutwa pia risasi. Halafu ukaja mwezi mzima wa utulivu, magari yakapita, watu wakaenda shamba na kurudi, na Gaspard hakwenda. Kwa nini hakwenda, yeye mwenyewe alijiuliza mara nyingi, na jibu alilopata halikuwa na kitu ndani: alichoka, aliogopa kidogo, akaahirisha. Mvua za Aprili zilikula madirisha. Za Septemba zilimaliza kuta.

Théodore aliporudi alikuta kichuguu cha udongo, na mlango umesimama peke yake katikati. Gaspard alikwenda kumpa pole. Alikuwa na maneno tayari tangu Bunia, yote, hata hesabu ya zilizovunjika njiani. Akamkuta muzee amekaa chini, amekamata udongo kwa mikono miwili, na maneno yakarudi tumboni. Théodore alikuwa amekwisha kupata mtu wake. "Ni Didier," alisema. "Siye bote tulikimbia. Yeye alibaki. Mwenye alibaki njo alikula tuile."

Didier alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, wa kabila la upande mwingine, mwenye ng'ombe wachache na maziwa ya kuuza. Miaka makumi mbili waliombana chumvi. Siku ya kikao cha amani, pale uwanja wa mpira, Théodore alisimama mbele ya watu wote akamtaja kwa jina kuwa mwizi, yeye na watoto wake. Didier alishika kichwa chake na mikono miwili. Gaspard alikuwa kwenye benchi ya tatu. Hakufungua mdomo. Tangu siku ile hakuna mtu wa upande wa Théodore aliyenunua maziwa ya Didier, na watoto wa Didier walipita njia ya nyuma kwenda soko.

Basi, Gaspard alisukuma maboga kando, akapeleka tuile, na kazi ya Madame Hélène ilianza Jumatatu. Gaspard alisimamisha nguzo sita nene kuliko za manjanja, maana tuile ina uzito, na mbao za juu akatumia libuyu kavu, mti wa msituni. Mteremko akaufanya mkali, maji yasilale. Tuile ikakamata tuile, mstari baada ya mstari, na Madame akawa anatoka barzani kila saa kupiga makofi. "Fundi, weye ni artiste!"

Jumatano mchana Gaspard alishuka kunywa maji. Akaketi juu ya tofali kivulini mwa kazi yake, akainua kopo, akainua macho.

Miaka makumi tatu alikuwa amefunika nyumba zenye plafond, ile dari ya ndani. Tumbo la tuile, ule upande wa chini, hakuna aliyelitazama tena baada ya fundi. Lakini paillote haina plafond. Anayeketi chini yake anatazama tumbo la kila tuile. Na pale Iga wafinyanzi walichoma pamoja katika tanuru moja, kwa hiyo kila mmoja alitia alama yake tumboni udongo ukiwa bado mbichi, ili mali zisichanganyike. Mwingine alichora msalaba, mwingine duara. Ya Théodore ilikuwa vidole viwili vilivyoburutwa kutoka juu mpaka chini, na gumba limebonyezwa pembeni. Hapo juu zilikuwa mia tisa, zote zimemkodolea macho.

Akaweka kopo chini. Alikimbilia barzani.

"Madame, tuweke plafond. Ya mianzi. Itakuwa muzuri sana."

"Plafond ya nini? Ninunue tuile halafu nisione tuile?" Madame akacheka. "Tena sikia. Nimetuma motard na pikipiki ku Iga, alete ule muzee Théodore. Wanasema njo anajua tuile kupita bote. Kesho atakuja kuniambia kama uliniletea mazuri ao uliniibia."

Gaspard naye alicheka, maana ilibidi. Mchana ule alipanda na jiwe akajaribu kusugua. Saa nzima, tuile tatu, na zile tatu zikabaki na kovu jekundu lililopiga kelele kuliko alama. Akatupa jiwe.

Théodore alifika kesho yake saa nne, nyuma ya pikipiki, amevaa koti la misa. Alitafuta ardhi kwa fimbo kabla ya kushusha mguu.

"Gaspard, ni weye? Ninasikia arufu ya jasho ya bure."

"Ni mimi, muzee. Macho namna gani?"

"Macho ilistaafu, ilienda retraite mbele yangu." Madame akamshika mkono, akamketisha katikati ya paillote, akamletea Fanta, kisha akaenda kujibu simu. Théodore aliinua uso wake juu. Aliukalisha pale muda mrefu.

"Ninaona wekundu tu," muzee alisema. "Piga moja."

Gaspard alipiga kwa kifundo cha kidole. Tuile ikalia, safi, kama kengele ndogo.

"Ah! Ile iliiva. Mutu alikuwa na kuni. Ni ya wapi? Ya mission ya Mapadri?"

Hapo ndipo. Hakuhitaji hata kutunga uongo; alikuwa amepewa umetengenezwa tayari. Neno moja, ndiyo, na angeenda kula.

Théodore alikunywa kidogo. "Unajua, muke wa Didier alikufa. Wiki mbili sasa. Sikuenda ku kilio. Ule mama alipokea Ornella na mikono yake akizaliwa, usiku hakukuwa sage-femme wa kuzalisha. Nilikaa mu kibanda yangu ya majani nikasikia wanaimba ng'ambo ya barabara. Ornella alinisukuma: papa, twende. Nikasema, mu nyumba ya mwizi siingie." Akafuta mdomo. "Nilikosea, ao sikukosea? Sema weye. Weye unanijua."

Gaspard aliinua macho, akatazama zile alama.

"Tuile ni yako, muzee."

"Yangu namna gani?"

"Ya nyumba yako. Nilizishusha mimi. Didier hakugusa hata moja."

Muzee alipouliza, aliuliza kama fundi.

"Zote?"

"Makumi tatu na mbili zilivunjika mu lori."

"Ulitandika majani ya ndizi?"

"Nilitandika."

"Na kuta? Kuta uliifunika na nini?"

"Sikuifunika."

"Siku mbili, Gaspard." Sauti yake haikupanda. "Ni kazi ya siku mbili. Ni mimi nilikufundisha."

"Nilijua, muzee. Kila siku nilijua."

"Na ile siku ya kikao?"

"Nilikuwa pale. Nilinyamaza."

Théodore aliweka chupa chini, akaikosa meza, Fanta ikatambaa juu ya simenti mpya. Gaspard alingoja fimbo. Angeshukuru kwa fimbo.

"Nizishushe?" aliuliza.

"Uzishushe, uzipandishe wapi? Niko na ukuta?" Muzee alisimama. "Ita motard."

"Muzee, faîtière ya kichwa ya paa bado sijaweka, na mvua..."

"Ita motard. Didier asubuhi anakamua, saa hii iko kwake. Utasema weye. Mimi nitasimama tu, aone kwamba nimesikia."

Madame Hélène alitoka mbio, simu mkononi. "Fundi! Unaenda wapi na paillote kichwa wazi? Wageni ni kesho!"

"Madame, tuile hazikuwa zangu. Ni za huyu muzee. Kama zitabaki, utamuuliza yeye."

Madame aliwafuata mpaka mlango wa kiwanja, na simu inaendelea kusema peke yake.

Walipanda watatu juu ya pikipiki moja, Gaspard nyuma kabisa. Hakujua aweke wapi mikono yake. Njia nzima alijaribu sentensi, na kila sentensi ilianza na vita, na lori, na watu wenye bunduki, mpaka akazitupa zote.

Didier alikuwa mlangoni anaosha bidoni za maziwa, kichwa amenyoa kwa ajili ya msiba. Alimwona Gaspard, akataka kusalimu. Kisha akamwona Théodore nyuma yake, uso ukajifunga, na mkono ukaenda kwenye mlango.

"Didier, usifunge," Gaspard alisema. "Nyumba ya Théodore, ni mimi niliifunua paa. Si weye, si watoto wako. Ni mimi, na nikanyamaza."

Didier aliweka bidoni chini polepole. Alimtazama Théodore, ambaye alikuwa ametoa kofia na kuishika kifuani. Halafu akatazama barabara, wanawake wa soko, motard, duka la pembeni ambako watu walikuwa wameanza kugeuza shingo.

"Sikusikia muzuri," alisema. "Sema tena. Sema na nguvu."

Gaspard akageukia barabara, akasema tena.