Chui Alikuwa Ananitukana Kila Asubuhi

Mwaka ile serikali ilisema franga sasa inaitwa zaire, Chomba aliacha sigara. Jina ya mupya ya franga tuliizoea mbio. Chomba ya mupya, aa, ile ilitushinda.

Alikuwa jirani yangu hapa Kampemba, muntu wa fonderi ya kuyeyusha shaba, mupole sana: kuku ikipita, anasimama anaipisha. Munganga akamusikiliza kifua, akamuambia, "Sigara ama mapafu, chagula." Akachagula mapafu. Kuanzia pale, asubuhi anapiga mulango teke kwa sababu imefunguka. Saa sita analia juu ya nyanya: "Angalia, Victorine, iko peke yake mu kitunga!" Siku alimwaga mboga ya sombe eti inamuangalia mubaya, Victorine bibi yake akafunga matela ya kitanda na kamba.

"Minarudia kwa baba Kipushi," akaniambia, macho nyekundu. "Ama nimununulie pakiti moja, mama? Kifua itamuua, lakini atakufa akicheka."

"Weka matela chini, mutoto. Bwana yako ni wa ukoo gani?"

"Wa chui."

"Na miye?"

"Weye ni wa mbuzi."

"Njo vile. Chui na mbuzi ni batani. Anaweza kunitukana mpaka mate imukaukie, haina kesi. Nikikasirika, ni miye nitalipa kuku. Hasira yote anileteye miye, weye akuleteye nyama."

Kesho yake akafika, kofia mu mukono.

"Jambo, mama."

"Mama ya nani? Chui gani inapiga hodi kwa mbuzi? Tukana!"

Akafikiri sana. "Weye... uko muzee."

"Hata kioo inaniambia vile. Anza tena."

Akavuta pumzi, kiisha ikamutoka: eti kichwa yangu ni chungu ya pombe ya lutuku yenye kukosa kifuniko, eti miguu yangu ilisahauliwa na bantu balijenga reli, eti siku nitakufa, udongo itanitapika mpaka Zambia, na kule batanirudisha kwa kukosa karatasi. Nikapiga makofi. Akatoka mwepesi, akaenda kumushika bibi yake mukono mu njia, mbele ya bantu, kitu kartiye yote, mutaa muzima, ilisema ni aibu.

Akazoea. Kila asubuhi mbele ya sirene ya fonderi, anakuja, ananitukana, ananywa chai yangu, anaenda. Majirani bakaleta viti. Chef wa chama mu kartiye akasikia makelele, akaja mbio.

"Mukutano bila ruhusa? Mambo ya makabila iliisha! Inchi moja, chama moja!"

"Na weye, chef, ni wa ukoo gani?"

Akateremusha sauti. "Wa chui."

"Basi shika mulongo nyuma ya Chomba."

Akashika. Yule naye alikuwa na vitu mingi mu roho.

Kiisha nikaenda Kipushi kuona dada yangu mugonjwa, alikuwa anakataa kula. Siku ya pili nasikia kinga, baiskeli ya muntu, inaanguka inje. Ni Chomba, jasho tupu: "Mbuzi mwizi! Unakimbia na matusi yangu!" Nyuma yake, Victorine na matela yake.

"Kama angekukosa," akasema, "miye nilikuwa nimeshafika kwa baba."

Akanitukana mpaka dada yangu mugonjwa akaomba chakula. Pale pale Victorine akafungua kamba.

Kisha mvua ikaanza, na asubuhi moja Chomba akasimama kwa mulango wangu, uso laini.

"Mama, leo sina. Nimetafuta njia yote. Nililala muzuri."

"Tafuta muzuri!"

"Hata moja, mama. Ukae na amani."

Amani! Nikapiga mulango teke. Sombe ikaniangalia mubaya. Mangaribi nikaona nyanya moja mu kitunga, nikalia. Nikaenda kwao mbio.

"Chui ya bure! Ngozi ya kupangusia miguu! Nitukane!"

Chomba akaangalia bibi yake. Victorine alikuwa anaanika nguo ku ile kamba ya matela.

"Mupatie moja, bwana," akasema. "Moja tu. Ataacha pole pole."