Kamba ya Ng'ombe kwenye Magurudumu ya Mbele

Jumamosi hiyo asubuhi nilisimama langoni pangu, juu kidogo ya Kangema, nikimtazama mjukuu wangu Kim akiwasha gari. Kando yake alikaa rafiki yake Abdiwahid, fundi wa Nanyuki, aliyekuwa amelala kwangu usiku huo. Walikuwa wanakwenda huko kwao Abdiwahid, kwenye mashindano ya magari ya kupanda mlima. Gari la Kim linavuta kwa magurudumu yote manne, na wiki mbili zilizopita Abdiwahid alikuwa ameliongezea injini nguvu. Nilikuwa nimewafungia viazi vya kuchemsha na mayai.

Gari lilipokata kona kutoka langoni, lilirukaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu.

"Kim, simamisha," Abdiwahid akasema. "Kuna kitu imeshikana chini."

"Ni baridi tu. Ikipata moto itaachilia."

Akakanyaga mafuta kuupanda mlima wa kituo cha majani chai. Injini ikanguruma mpaka kuku wangu wakakimbilia chini ya ghala. Kisha kitu kikapasuka. Nimeishi miaka sabini na nne na sijawahi kusikia chuma kikilia hivyo. Injini bado ilikuwa inanguruma, lakini hakuna gurudumu hata moja lililosukuma. Gari likaanza kurudi nyuma polepole, Kim akilishikilia kwa breki, na mafuta meusi yakachora mstari barabarani kwenye kokoto mpya.

Nilifika nikihema. Kim alikuwa ameshuka, mikono kichwani.

"Gia box imeenda," akasema. "Abdi, si uliniambia itabeba hiyo nguvu?"

Abdiwahid alikuwa tayari yuko chini ya gari. "Niliambia itabeba, na ingebeba."

"Ingebeba na hiyo ni nini inamwagika? Chai?"

"Kim, ngoja niangalie."

"Nimengoja mwaka mzima hii Jumamosi. Watu waliniambia nitafute fundi wa kweli, nikasema hapana, huyu ni ndugu yangu. Kumbe ni fundi wa kando ya mtaro."

Nilishtuka. Hawa wawili walijuana tangu sekondari. Abdiwahid ndiye aliyembebea Kim msalaba wa kaburi siku tulipomzika mama yake, binti yangu Murugi, na yeye ni Mwislamu, na hakuna aliyemwomba. Sasa nilimwona akitoka chini ya gari polepole, vidole vyake vimejaa mafuta. Akavinusa. Akamnyooshea Kim mkono.

"Nusa. Hii imeungua. Injini ikizidi nguvu inavunja meno ya gia, lakini haipiki mafuta hivi. Hiki chuma cha katikati, kile kinagawa nguvu mbele na nyuma, kiliungua kabla ya leo. Mtu aliivuta hii gari vibaya."

"Nani? Gari ilikuwa hapa kwa Cucu wiki nzima. Nimeikuta pale pale niliiacha, na mawe yangu nyuma ya magurudumu. Sasa unadanganya mbele ya nyanya yangu?"

Abdiwahid akainama. Akaanza kuokota spana zake, moja moja, akizipangusa kabla ya kuziweka kwenye sanduku.

Mimi nilimjua huyo mtu.

Jumatano, malori ya kokoto yalikuja kutengeneza barabara yetu, na dereva akaniambia atamwaga mzigo wake hapo langoni, karibu na gari. Nikahofia mawe yataruka na kuvunja vioo kabla ya siku ya mashindano. Nikampigia Kim kazini kwake Murang'a, simu ikawa imezimwa. Funguo alikuwa nazo yeye. Basi nikamwita jirani yangu Gikonyo na trekta yake. Gari halikuwa kwenye gia, lilizuiwa na mawe tu. Tukainua pua yake kwa mkono wa nyuma wa trekta, tukaondoa mawe, Gikonyo akaanza kuvuta.

Hapo magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka hewani, na ndani hakuna mtu. Gikonyo akasimamisha trekta akaniuliza kama nimeombea hiyo gari. Nikasema linaweza kuyumba likamgonga mtu, nikaenda kuleta kamba ya ng'ombe, nikayafunga mwenyewe, kila gurudumu mafundo mawili, yakatulia. Tukalipeleka kanisani, kilomita tatu. Njiani nilisikia harufu ya kuungua, nikadhani ni trekta. Ijumaa malori yalipokwisha, tukalirudisha vivyo hivyo, nikayapanga mawe kama Kim alivyoyaacha. Alipofika jioni na mgeni, nilikuwa na ugali motoni, nikasema nitamweleza kesho.

Sasa kesho ilikuwa imefika. Abdiwahid alifunga sanduku lake, akaniinamia kidogo.

"Asante kwa chakula, Cucu. Nitatafuta pikipiki hapo chini."

Akaanza kushuka. Nami nilinyamaza. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: alipiga hatua kama ishirini na mimi nimenyamaza. Hakuna ambaye angejua. Gikonyo mwenyewe hakuelewa tulichofanya. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ule mlio, kuona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza.

"Abdi," nikaita. "Rudi. Weka hiyo sanduku chini. Ni mimi."

Kim akanitazama. "Cucu, wewe hata mlango wa gari hujui kufungua."

Nikawaeleza yote, lori, trekta, kamba. Nilipofika kwenye mafundo Abdiwahid alifunika uso kwa mkono wake mchafu, ukaacha alama kwenye paji.

"Ya mbele umefunga, ya nyuma inazunguka, na chuma cha katikati kinasagwa," akasema. "Kilomita sita."

"Sita."

"Hiyo kamba ni ngumu kuliko kila kitu nimeweka hapo ndani."

Kim aliketi kwenye nyasi.

"Mimi nimesema langu," nikamwambia. "Lako bado."

Akang'oa nyasi. "Abdi, nilikuita mwongo."

"Na fundi wa mtaro."

"Na hiyo. Nimekosa, na nasema mbele ya Cucu, vile nilikutusi mbele yake."

Abdiwahid alikuwa bado na sanduku mkononi. Sasa akaliweka chini. "Nitaitengeneza. Lakini si leo. Leo sitaki kuishika."

"Sawa."

Tulikuwa bado hatujasogea tuliposikia mngurumo kutoka bondeni. Gikonyo alikuwa anapanda na trekta yake, kofia imegeuzwa nyuma, kamba yake mwenyewe begani.

"Mama Murugi," akaita kutoka mbali, "nimesikia gari ya kijana imelala. Niiinue pua tuvute?"

"Hapana," tukasema watatu kwa pamoja.

Abdiwahid ndiye aliyeanza kucheka. Kim alimtazama usoni kwanza, akahakikisha, ndipo naye akacheka.