Ndugu Mia Mbili wa Mkurugenzi

Kwa miaka tisa, yeyote aliyetaka kumwona mkurugenzi wa kampuni ya kuchimba visima alipita kwanza mbele ya Mama Shajara. Jina hilo alibandikwa na madereva, kwa sababu ya kitabu kinene chenye jalada jeusi ambacho hakikumtoka mkononi. Humo aliandika nani anaingia saa ngapi, na aliandika kwa penseli, maana alimjua bosi wake: akikwambia "dakika mbili tu", vuta kiti ukae.

Sasa Mama Shajara alitaka likizo. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa pili, alikuwa amebakiza wiki moja ajifungue mtoto wa kwanza. Alikuwa amemwahidi: "Uchungu ukikushika, mkono utakaoukamata ni wangu." Likizo aliiomba mara nne, na mara nne mkurugenzi alishika kichwa.

"Mama, ukiondoka nani atanipangia? Nitajikuta na watu wawili kwa saa moja, wanitafune mzimamzima!"

Mara ya tano alikwenda na dawa kabisa. Kulikuwa na mfumo wa kalenda: mtu anaandika barua pepe kuomba miadi, mfumo unaisoma, unatafuta nafasi, unamjibu wenyewe. "Nipe fundi wa kompyuta siku moja tu. Nitaufundisha tabia zako zote."

Mkurugenzi aliwaza, kisha akatabasamu kama mtu anayejua atashinda. "Sawa. Jumatano tunaujaribu. Wewe utakaa kwenye kiti chako, mikono mapajani, simu kwenye droo. Ukigusa kitu kuniokoa hata mara moja, likizo hakuna."

"Nimekubali."

Jumanne fundi akaja, kijana mwembamba mwenye haraka. "Mama, hii kazi ya nusu saa. Tunajaza mapendeleo ya mtumiaji, basi. Anaanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

Fundi akaandika.

"Lakini anafika saa mbili na nusu."

Fundi akafuta.

"Na usimpe mtu kabla ya saa tatu. Hajanywa chai. Yule kabla ya chai haongei, ananguruma."

"Haya. Kila mkutano naweka dakika thelathini."

"Arobaini na tano."

"Mama, watu siku hizi wanamaliza kwa thelathini."

"Hao watu wako hawasalimiani? Hapa mtu akiingia anaulizwa habari za nyumbani, za mke, za watoto, za yule mgonjwa wa mwezi uliopita. Robo saa imekwisha na kisima hakijatajwa. Weka arobaini na tano, baba, tusichoshane."

Akaweka. Akaweka pia mapumziko ya dakika kumi baada ya kila kikao na muuza pampu, kwa kuwa kikao hicho lazima kiishe kwa sauti kupanda. Akafunga Jumatatu asubuhi kwa watu wa benki. Akaandika jibu la kumkatalia mtu, na Mama Shajara akalirudisha mara tatu, mpaka likawa na salamu mwanzoni na pole mwishoni. Ilipofika mchana, ule ujuaji wa fundi ulikuwa umemwishia. Alikuwa anauliza kabla ya kugusa.

Likabaki swali moja. "Kuna watu wa kuingia moja kwa moja, hata ratiba ikiwa imejaa?"

Mama Shajara aligonga mlango akamuuliza mwenyewe.

"Familia!" mkurugenzi alijibu kutoka ndani. "Ndugu yangu hawezi kupanga foleni kuniona. Kuna kikundi kwenye simu yangu kinaitwa Familia. Chukueni hicho hicho."

Mama Shajara aliwajua mke, watoto watatu, mama mzazi na kaka. Watu sita, shida iko wapi? Fundi akaweka alama ya vema. Hakuna aliyehesabu. Jioni hiyo barua pepe zikaanza kuingia: kila anayemjua bosi aliomba saa nne, akishakunywa chai.

Jumatano, saa nne kasorobo, chumba cha kusubiria chenye viti sita kilikuwa na watu kumi na mmoja. Muuza pampu alikuwepo, na mkandarasi aliyekuwa akilumbana naye kwa miezi mitatu. Alikuwepo wakala wa bima. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amekalia ndoo ya mfagizi, kaipindua. Na kila mmoja aliinua simu yenye ujumbe ule ule: miadi yako imekubaliwa, saa nne kamili, karibu sana.

"Nani kawaita hawa?" mkurugenzi alinong'ona.

Mama Shajara aliangalia dari. Mikono ilikuwa mapajani, mmoja umeushika mwenzake kwa nguvu usije ukatoroka.

Fundi alifungua kile kikundi, akaangalia idadi. "Bosi, familia yako ina watu mia mbili na kumi na mmoja."

"Wacha mzaha!"

"Wa kwanza, muuza pampu."

"Ah, huyo! Gari liliponasa kwenye tope alikesha na mimi njiani usiku kucha. Huyo si ndugu?"

"Wakala wa bima?"

"Alinisimamia harusini."

"Kinyozi?"

"Kijana, huyo anapitisha wembe shingoni kwangu kila wiki. Usipomfanya ndugu utamfanya nini?"

"Basi nimtoe nani?"

Mkurugenzi alimwacha fundi na orodha yake. Akageuka. "Mama, hebu niambie tu."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa kugusa!"

"Kumbe mdomo unaruhusiwa?" Mama Shajara alikaa vizuri. "Waingize wote. Chumba cha mikutano kina viti ishirini na tangu kinunuliwe meza hakijawahi kujaa. Nusu ya hawa hawana shida, wamekuja kukusalimia. Wengine shida wanazo wao kwa wao, wewe wanakutumia kama tarishi."

Wakaingia. Salamu zikazunguka meza kama sahani ya karanga. Muuza pampu na mkandarasi, walioandikiana barua kali kumi na mbili kupitia kwa mkurugenzi, walitazamana uso kwa uso, wakachora bomba kwenye karatasi moja, na kabla chai haijapoa wakagundua kuwa kila mmoja alikuwa anapima kutoka ncha yake. Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwa madereva nje. Ilipogonga saa sita watu walikuwa wanaagana, ila kinyozi, aliyeegemea meza ya Mama Shajara kumalizia biskuti.

Hata hivyo mkurugenzi alitoka akijifuta jasho. "Leo tumepona, mama. Lakini tumepona kwa mdomo wako. Kesho je? Hiyo likizo tuiangalie mwezi ujao."

Mama Shajara alihesabu wiki kichwani. Mwezi ujao mjukuu atakuwa anajua kucheka. Alikunja midomo, akaangalia mikono yake ambayo tangu asubuhi haikugusa kitu.

Kompyuta ikalia.

"Miadi mpya, bosi," fundi alisema. "Saa sita na robo, kwa simu. Yaani sasa hivi. Mtu wa Familia."

"Nani tena?"

"Imeandikwa binti wa Mama Shajara."

Mama Shajara aliruka kitini. "Mimi sikumwandika!" Na kweli. Katika miaka tisa aliingiza watu elfu na kukatalia elfu, lakini hakuwahi kumpa mtu wa damu yake hata robo saa. Aliona ni wizi.

"Nilimwandika mimi," mkurugenzi alisema. "Siku alipomaliza chuo. Mtoto wako ni nani kwangu?"

Simu ya mezani ikalia. Mkurugenzi aliipokea, akawasha spika wote wasikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Habari za huko? Mume hajambo? Wakwe zako—"

"Baba, nisamehe, leo salamu nazikata. Uchungu umenianza asubuhi. Nimempigia mama mara sita hapokei. Juzi aliniambia anayetaka kukuona aandike barua pepe, ndiyo nimeandika. Shida yangu ni moja tu. Namtaka mama yangu."

Mkurugenzi alipiga meza hadi biskuti ya kinyozi ikaanguka. "Dereva! Washa gari! Mama, unasubiri nini hapo?"

"Umesema mwezi ujao."

"Nani kasema? Wiki tatu! Wiki nne! Nenda, mama, nenda, usinitie dhambini!"

Akaenda, simu mkononi, kitabu cheusi amekisahau mezani, na dereva alikanyaga mafuta kama aliyekuwa anamkimbiza mjukuu mwenyewe.

Alifika saa tisa. Binti aliukamata mkono wake, akaukamua hadi vidole vikafa ganzi, na mama hakuuondoa. Saa kumi na moja na nusu, mtoto wa kike alitoka akipiga kelele za kudai haki.

"Mama, mwangalie," binti alisema kwa sauti iliyochoka, anacheka na kulia pamoja. "Anafanana na nani?"

Mama Shajara alimfunika vizuri, akamsogeza kifuani. "Hafanani na mtu bado. Mwache apumzike kwanza, ametoka safari."