Utani wa Nyuma ya Mlango

Chai ya walimu siku hiyo ilikuwa na sukari, ndiyo maana wote walikuja. Mwalimu Hyasinta alisimama mbele ya ubao, chaki kiganjani, akieleza aliyofundishwa kwenye semina: namna ya kumsikiliza mwanamke anayelalamika kwamba anashikwashikwa kazini. Mlalamikaji aketi. Asikatizwe. Anayelalamikiwa asiwemo chumbani mpaka mwenzake amalize kusema. Nje, wachukuzi wa Kariakoo walikuwa wakipiga kelele wapishwe na magunia yao.

"Kuna swali?" aliuliza, akiomba moyoni lisiwepo.

Candida, karani wa shule, aliinua mkono. "Sina swali. Nina malalamiko. Ni Mwalimu Elieshi."

Elieshi, msaidizi wa mwalimu mkuu, akaangua kicheko. "Huyu Mchaga, mimi Mpare! Mtani wangu kabisa, jamani. Nisipomtania yeye, nikamtanie nani?"

Walimu wakacheka, kama watu walioondolewa mzigo.

"Mwalimu, tafadhali utupishe kidogo," Hyasinta alisema.

"Nitoke? Mwanangu, hata kuthibitishwa kazini bado. Unadhani atakayekuombea ni nani?"

Mwalimu Mkuu Bakili alikohoa. "Tusikuze mambo, ndugu zangu. Candida, mpe mwenzio mkono yaishe. Chai inapoa."

Elieshi alinyoosha mkono, akitabasamu. Candida aliuficha wake ndani ya khanga.

"Sijasema bado," alisema. "Juzi nilikuwa napiga taipu ofisini. Akaingia, akatia komeo mlangoni. Nikamwambia aniache, nikasema na mara ya pili. Hakuniacha."

"Utani huo!" mtu mmoja akadakia, lakini safari hii hakuitikiwa.

Hyasinta akakumbuka maziko ya babu yake kule Masasi, watani walivyoingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe chochote, na bibi yake mfiwa akawatukana huku akicheka, machozi yakimtoka. Watu wote waliona. Na bibi aliruhusiwa kujibu.

"Mwalimu Elieshi," aliuliza polepole, "utani unafanywa mbele za watu. Komeo lilikuwa la nini?"

Bakili akainuka, akafunga kikao.

Kabla shule haijafungwa jioni, Mwalimu Mkuu alikwisha kupiga simu wilayani. Candida aliambiwa ahamie shule ya Kigamboni, kwa manufaa ya kazi. Hyasinta alimsindikiza mpaka getini. Candida alimshika mkono, akaubana.

Kesho yake Hyasinta aliwahi. Alichukua jiwe uani, akaliegemeza kwenye mlango wa ofisi ili usifungike.

"Jiwe la nini hili?" Elieshi aliuliza.

"La mlango, Mwalimu. Karani mpya anaripoti leo."

Elieshi akalisukumia mbali kwa kiatu. Hyasinta akarudi uani kutafuta kubwa zaidi.