Tanuri la Matofali ya Marehemu

Revocatus alipopiga simu kusema Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja na Fuso kuchukua matofali, Paskazia hakubishana naye. Alisema, "Nimekusikia, shemeji," akakata simu, akatoka nje kuyatazama. Yalikuwa yamepangwa kando ya nyumba, matofali ya kuchoma, mekundu, ambayo marehemu mumewe Nestory aliyanunua kidogo kidogo kwa ajili ya uzio. Nestory alikuwa fundi mwashi, na kama mafundi wote alijengea watu kwanza, kwake akawa anasema kesho. Halafu ajali ya pikipiki ikamchukua, na kesho hiyo haikufika.

Paskazia si mjinga. Alijua shemeji yake hana njaa ya matofali. Leo matofali, mwezi ujao mabati yaliyobaki, halafu siku moja analeta mtu mwenye tumbo anayepima kiwanja kwa hatua huku akijidai anaongea na simu. Kikao cha familia baada ya arobaini kilishasema bila kuumauma maneno: mji hauna mtoto, mjane bado ana nguvu, arudi kwao Ukerewe akaanze maisha. Kwamba nyumba hiyo ya Kiseke aliijenga pamoja na mumewe, kwamba maji ya zege aliyabeba yeye kichwani kutoka bondeni, hilo hakuna aliyelikumbuka. Na mama mkwe, bibi Selina, alikaa kwenye mkeka mwanzo hadi mwisho anatazama vidole vyake vya miguu. Kimya chake ndicho kilichomuuma Paskazia kuliko maneno yote ya Revocatus.

"Akija atayakuta yana kazi," alimwambia Mwaija, jirani yake.

"Kazi gani?"

"Tanuri. La mikate, la kuni, hapa hapa uwanjani."

Mwaija alishika kiuno. "Paska, una akili zako zote wewe? Watu wanajenga uzio, wanajenga choo. Wewe mjane mzima unajenga tanuri?"

"Uzio wanaung'oa tofali moja moja wakati nimelala. Moto wa mwenye mji nani atauzima mchana watu wakiona?"

Upande wa kina Nestory, bibi harusi hupika kwenye mafiga ya mama mkwe mpaka siku atakapowasha moto wake mwenyewe, na akishauwasha, pale ni kwake; jiko la mkaa la kubebeka halihesabiwi. Kumzimia mtu moto ni tusi ambalo hata Revocatus, pamoja na mdomo wake ule, asingethubutu kulitoa mbele za watu.

Mikate alikuwa anaijua. Usichana wake aliumalizia jikoni kwa masista kule kisiwani, akikanda unga alfajiri na kuchochea tanuri lililokuwa nyuma ya jiko lao. Na ukilala miaka kitanda kimoja na mwashi, udongo unakuingia hata kama hukutaka. Akachimba kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo, akachanganya udongo wake na mchanga na majani makavu, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukashikana. Akarundika mchanga mbichi katikati ya uwanja, akaupiga ukawa mviringo wa kushikilia kuba la tanuri mpaka likauke, akaanza kupanga matofali juu yake. Wapita njia walisimama kushangaa, maana uzio haukuwepo. Mmoja akauliza kama anajijengea kaburi. "La kwako," alimjibu, wala hakuinua kichwa.

Ila matofali aliyabania. Alitaka mengine yabaki, basi kwa sakafu ya tanuri akachukua bamba la jiwe kutoka mlimani, jiwe letu hili hili la Mwanza, pana na zuri, akalilaza chini kabla ya mchanga. Kila aliyepita alilisifu.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza moto ulikolea vizuri, na majirani walikuwa wameshaanza kuulizia mkate. Ghafla tanuri likalia kama bunduki. Vipande vya jiwe vikaruka mpaka kwenye kamba ya nguo za Mwaija, kuba likabonyea upande mmoja, na watu wakatawanyika kila mtu na njia yake. Alipokuja kutulia, Paskazia alijikuta amekaa chini, nywele zimejaa majivu, na hakuna aliyemsogelea isipokuwa Mwaija.

Kabla ya jua kuzama habari ilishafika Sengerema kwa shemeji yake. Revocatus akapiga simu, sauti ya upole kabisa, ile ya watu waliokwisha kushinda. "Shemeji, usione tunakuonea. Mwenye matofali amekataa mwenyewe. Mama hajala tangu amesikia. Anasema mwanaye amekasirika."

Hilo la mama lilimvunja. Alilia siku hiyo kuliko alivyolia msibani, maana msibani alilia na watu. Akajiuliza kama kweli Nestory angeweza kumfanyia hivi. Mtu ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kumpandishia sauti, eti aende kaburini ndipo ajifunze kupasua vitu?

Asubuhi, akiwa anaokota vipande, alisikia harufu ya matairi yanayoungua. Juu ya mlima, wagonga kokoto walikuwa wamewasha moto juu ya mwamba kama wanavyofanya kila wiki, ili mwamba upate joto na upasuke, waugonge kirahisi. Moshi huo ameuona tangu ahamie Kiseke. Paskazia akatazama mlimani, akatazama kipande alichoshika, na hasira iliyompanda haikuwa ya mtu mwenye msiba tena.

"Mwaija! Njoo hapa." Mwaija akaja mbio. "Jiwe letu wanalipasua kwa kitu gani?"

"Kwa moto," alisema Mwaija, kisha akafunga mdomo kwa kiganja.

"Mji mzima tunapasua mawe kwa moto. Nimelitia jiwe kwenye moto, limepasuka, na mji mzima umesema ni marehemu. Na mimi mwenyewe nimekubali nikalia usiku kucha kama zuzu."

Akabomoa lote. Safari hii hakubania kitu. Sakafu akaitandika matofali juu ya mchanga, kuba akalipandisha upya, na matofali yote yakaisha, hata la kuwekea sufuria halikubaki. Ila siku zilikuwa zimekwenda. Alilikausha kwa vimoto vidogo vya vijiti, na Jumamosi ilipofika udongo wa ndani ulikuwa bado una ubichi. Alijua hivyo. Akawasha tu.

Fuso iliingia na vijana wawili wa kupakia, Revocatus ndani ya shati la kanisani, na bibi Selina amekaa mbele kwa dereva. Majirani walishajaa. Paskazia akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema bibi, kwa sauti ndogo, akaenda kukaa kwenye kigoda mbali na moto.

Paskazia akawaeleza habari ya jiwe, wote wakisikia. Wengine wakatikisa vichwa. Revocatus akatabasamu.

"Sawa, tusibishane. Moto si huo umewasha? Likitulia, matofali ni yako, na nyumba hatutaiongelea tena. Likipasuka, marehemu amesema, wewe ubebe vyako. Haki si hiyo?"

Watu wakaitikia kwamba hiyo ni haki. Mwaija akamfinya mkono akubali.

"Hapana," alisema Paskazia. "Likitulia, nabaki. Likipasuka, nabaki. Likianguka lote nitajenga la tatu, na matofali yakiniishia nitafinyanga kwa udongo mtupu. Hii nyumba yangu si ya kuchezea bahati nasibu, shemeji."

Hapo hapo tanuri likatoa mlio, tak, na ufa ukaanzia mdomoni ukapanda taratibu mpaka karibu na juu, na moshi mwembamba ukapenya. Watu wakarudi nyuma. Mwaija akaanza kusoma dua.

"Mmeona wenyewe," alisema Revocatus, na kwa kweli hata yeye sauti ilimtetemeka kidogo. Akawaashiria vijana wa kupakia wasogee. Hawakusogea.

Paskazia alichota udongo kwenye ndoo akaupaka kwenye ufa kwa mkono mtupu. Uliunguza. Akachota mwingine. "Udongo mbichi umeona moto, umepata ufa," alisema. "Nyumba yako ya Sengerema haina nyufa, shemeji? Mbona hujaihama?" Mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakafuata. Akavuta makaa nje, akafuta sakafu kwa tambara la maji, akaingiza mikate yake, akaziba mdomo kwa ubao.

Alipogeuka, bibi Selina alikuwa amesimama pembeni yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Paskazia. Niambie kweli. Mwanangu alikufa ana kinyongo na wewe?"

"Hapana, mama. Alitoka hapa ananicheka kwamba chai yangu ina sukari ya harusi."

Bibi akakunja mikono ya gauni lake, akainama kwa shida, akachota udongo, akaanza kupaka pale juu ambapo Paskazia alikuwa hajapaka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta.

"Mama," aliita Revocatus kutoka kwenye gari. "Twende."

"Nenda na gari lako," alisema bibi, bila kugeuka. "Mimi nimekuja kwa Paskazia."